Mwongozo Kamili: Namna ya Kuwa Mhandisi Msanifu wa Konekta za Umeme

Chukua ekstensheni iliyoungua. Karibu kila nyumba inayo moja, imetupwa nyuma ya kabati ikisubiri siku ya fundi. Ifungue kwa bisibisi. Mara nyingi utakuta waya ziko salama kabisa, shaba yake bado inang'aa. Kilichoungua ni sehemu moja ndogo: pale pini ya plagi inapoingia kwenye midomo miwili ya shaba ndani ya soketi. Plastiki ya hapo imegeuka kahawia, kisha nyeusi, na ile midomo iliyopaswa kuibana pini imelegea kama kibanio cha nguo kilichochoka.

Kuna wahandisi ambao kazi yao ya maisha ni ile midomo miwili. Wanaamua iwe ya metali gani, iwe na unene gani, ipinde kiasi gani, ibane kwa nguvu ipi, na iendelee kubana kwa miaka mingapi. Ni kazi inayoheshimika, ina upungufu wa watu wanaoijua kwa undani, na sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye siku ya ushauri wa taaluma shuleni. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Nawaandikia kijana wa kidato cha sita anayefikiria uhandisi, mwanafunzi wa chuo ambaye hajajua pa kujikita, na fundi ambaye mikono yake tayari imeona konekta mbovu nyingi kuliko wahandisi wengi.

Kazi yenyewe ni ipi

Konekta ni kitu kinachounganisha njia mbili za umeme kwa namna ambayo unaweza kuzitenganisha tena: plagi ya ukutani, tundu la chaji ya simu, soketi ya taa ya gari, kiungo cha waya wa paneli ya sola. Gari moja la kisasa lina mamia yake. Msanifu huchora umbo la pini na la nyumba yake ya plastiki, huchagua malighafi, huweka kifungo cha kuzuia isichomoke yenyewe, huhakikisha haiwezi kuchomekwa kinyume, kisha huthibitisha kwa vipimo kwamba alichochora kinafanya kazi kwenye joto, vumbi, unyevu na mtikisiko.

Hafanyi peke yake. Kuna anayetengeneza dai ya kukatia na kukunjia metali, anayetengeneza moldi ya plastiki, mtaalamu wa kuchovya metali ili ipate utando wa metali nyingine, watu wa maabara, na mteja anayetaka kila kitu kiwe kidogo zaidi na cha bei nafuu zaidi. Msanifu yuko katikati yao wote, kwa hiyo anayependa kukaa na kompyuta tu bila kuongea na mtu ataona tabu.

Tasnia hii ina historia inayofaa kujulikana. Amphenol ilianza Chicago mwaka 1932. Molex ilianza Illinois mwaka 1938. Mwaka 1941 Uncas Whitaker alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama AMP, ikiuza terminali za kubana waya bila kulehemu kwa ajili ya ndege na meli za vita, na Harrisburg, Pennsylvania, ikawa nyumbani kwake. Leo urithi wa AMP uko ndani ya TE Connectivity. Ujerumani kuna eneo la Ostwestfalen-Lippe ambako miji midogo mitatu ina kampuni tatu kubwa za konekta: Harting iko Espelkamp, Phoenix Contact iko Blomberg, na Weidmüller iko Detmold. Japani kuna Hirose, JAE, JST na Yazaki. China, jimbo la Guangdong limejaa viwanda vya aina hii. Majina haya yaandike mahali. Utayahitaji wakati wa kutafuta kazi, na hata kabla ya hapo katalogi zao ni darasa la bure.

Hatua ya kwanza: elewa mguso kabla ya kitu kingine chochote

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kwa sababu anayeelewa sehemu hii amepata nusu ya taaluma.

Pini mbili zikigusana, macho yanaona nyuso laini mbili zimelaliana. Kwenye hadubini nyuso hizo ni milima na mabonde, na kinachogusana ni vilele tu. Umeme wote unajibana kupita kwenye madoa machache ambayo vilele vimepondana. Ragnar Holm ndiye aliyeiwekea elimu hii msingi, na fomula yake ya doa moja ni fupi: gawanya ukinzani mahususi wa metali kwa mara mbili ya nusukipenyo cha doa.

Tupige hesabu. Ukinzani mahususi wa shaba ni takriban omu-mita 0.000000017. Doa lenye nusukipenyo cha milimita 0.05 lina ukinzani wa miliomu 0.17. Doa likipungua hadi milimita 0.005, ukinzani unapanda hadi miliomu 1.7. Sasa pitisha ampea 13, kiwango cha juu cha plagi yetu ya pini tatu. Joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: kwenye miliomu 1.7 unapata wati 0.29, hakuna neno. Lakini kutu na ulegevu vikifikisha ukinzani miliomu 50, joto ni wati 8.45, na limekaa sehemu isiyozidi punje ya harage. Kwa joto la namna hiyo plastiki haina ujanja.

Sasa, nini kinachofanya doa liwe kubwa? Nguvu ya kubana. Nguvu hiyo inatoka wapi? Kwenye springi, na ule mdomo wa shaba ndio springi yenyewe. Hapo ndipo duara baya linapoanza: springi ikipata joto kali inalegea, ikilegea mguso unapungua, mguso ukipungua ukinzani unapanda, na ukinzani ukipanda joto linaongezeka. Ekstensheni yako iliyoungua ilizunguka kwenye duara hilo kwa wiki au miezi kabla hujasikia harufu.

Mfano ulio mbele ya macho yetu kila siku ni ule wa plagi ya pini mbili za duara inayolazimishwa kwenye soketi ya pini tatu. Soketi hiyo ni ya kiwango cha BS 1363, kilichotolewa Uingereza mwaka 1947 na kutumika Tanzania, Kenya na Uganda. Pini yake ya arthi ni ndefu kuliko zile nyingine mbili kwa makusudi: inaingia kwanza ili kifaa kipate arthi kabla ya umeme, na inafungua vizuizi vya plastiki vinavyofunika matundu ya chini. Mtu anachukua kalamu, anaisukuma kwenye tundu la juu, vizuizi vinafunguka, anachomeka plagi yake ya duara. Watu wanaogopa kalamu tu, lakini kuna jambo la pili. Pini bapa ina unene wa milimita 4. Pini ya duara ya aina ya Schuko, plagi ya Ulaya, ina kipenyo cha milimita 4.8. Ile midomo inapanuliwa kupita ilivyokusudiwa, na siku ikirudishiwa pini yake bapa haiwezi tena kuibana vizuri. Soketi imeharibika bila mtu kuona ufa wowote.

Hatua ya pili: jifunze hesabu ya springi kwa mkono

Kabla ya programu yoyote, hesabu hii iwe kwenye vidole vyako. Ulimi wa metali ulioshikiliwa upande mmoja unasukuma kwa nguvu inayolingana na ugumu wa metali, mara upana, mara unene kwa kipeo cha tatu, mara umbali unaopinda, yote kugawanywa kwa mara nne ya urefu kwa kipeo cha tatu.

Chukua ulimi wa bronzi ya fosforasi, ambayo ugumu wake ni kama nyutoni 110,000 kwa milimita ya mraba. Upana milimita 1, unene milimita 0.20, urefu milimita 5, unapinda milimita 0.3. Jibu ni nyutoni 0.53. Sasa punguza unene hadi 0.18, tofauti ya milimita 0.02 tu, nyembamba kuliko unywele. Nguvu inashuka hadi nyutoni 0.38. Umepoteza zaidi ya robo. Kipeo cha tatu hakina huruma.

Niliujua ukweli huu kwenye karatasi, kisha nikaujua kwa maumivu. Mwaka wangu wa pili kazini mteja alilalamika kwamba konekta yetu ya gari ni ngumu kuchomeka. Wafanyakazi kwenye laini ya kuunganisha walikuwa wanaumia vidole. Nikapendekeza unene upunguzwe. Sampuli ziliingia kwa ulaini, kila mtu akafurahi, dai mpya ikakatwa. Kwenye kipimo cha mtikisiko mguso ukaanza kukatika kwa vipindi vifupi mno, visivyoonekana kwa mita ya kawaida, na dai ile ikaenda kwenye chuma chakavu. Bosi wangu hakupandisha sauti. Alinichorea ncha ya pini na kuniambia, "Ungeifanya hii iwe imechongoka zaidi na laini zaidi, pini ingeingia kwa wepesi na springi ungeiacha kama ilivyo." Nguvu ya kuchomeka na nguvu ya kubana zina uhusiano, lakini pembe ya ncha na msuguano wa uso vinakupa nafasi ya kupunguza ya kwanza bila kuigusa ya pili.

Hatua ya tatu: chagua shule inayofaa

Wengi hudhani hii ni kazi ya uhandisi wa umeme. Kwa kweli inaegemea zaidi kwenye mitambo na malighafi. Kidato cha tano na sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati unakuweka pazuri. Kemia usiidharau, maana kutu na uchovyaji wa metali ni kemia. Chuoni, uhandisi wa mitambo ndiyo njia iliyonyooka, na uhandisi wa malighafi, mekatroniki au umeme pia unafaa ukiongeza masomo ya upande wa pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT na JKUAT wana programu za msingi huo. Mwenye stashahada asijione mdogo: maabara za vipimo na idara za dai na moldi zinaishi kwa watu wa stashahada wenye mikono mizuri, na kutoka hapo wapo wanaovuka kwenda kusanifu.

Ukimaliza, jisajili na bodi ya nchi yako, Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa Tanzania au Bodi ya Wahandisi kwa Kenya. Kampuni ya konekta ya nje huenda isiulize usajili huo, ila ukirudi nyumbani kutoa ushauri utauhitaji.

Hatua ya nne: fungua maiti za konekta

Hapa ndipo mtu wa kwetu anaweza kumzidi mwanafunzi wa Ulaya, kwa sababu kwetu vitu vinarekebishwa na mabaki yake yapo. Nenda kwa mafundi wa magari, wa sola, wa simu. Omba konekta mbovu. Salimia vizuri, eleza unataka kujifunza, na umuulize fundi swali moja kila mara: "Fundi, hii ilikuwa inasumbua vipi kabla haijafa?" Jibu lake liandike kwenye kikaratasi na ulifunge pamoja na konekta yenyewe. Baada ya miezi sita utakuwa na sanduku ambalo hata maabara nyingi hazina.

Vifaa ni vichache: kioo cha kukuza mara 10, kaliba, maikromita, mita ya umeme yenye skeli ya milivolti 200, betri ya volti 12, fyuzi ya ampea 5, na balbu ya breki ya wati 21. Umeme wa ukutani usiuguse kwa majaribio haya.

Jaribio la kwanza ni kupima ukinzani wa mguso. Sehemu chache za elfu za omu moja hazipimiki kwa skeli ya omu ya mita ya kawaida, kwa sababu waya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko unachotafuta. Dawa yake ni njia ya waya nne: waya mbili zipeleke mkondo, mbili nyingine zipime volti tu. Unganisha betri, fyuzi, balbu na konekta kwa mfululizo. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 1.75, na mkondo halisi upime kwa mita kwanza. Kisha weka ncha za mita kwenye skeli ya milivolti, moja kila upande wa konekta, karibu kabisa na mahali pini zinapokutana. Ukisoma milivolti 3.5, gawanya kwa 1.75: miliomu 2. Mita ya bei ya kawaida imekupa kipimo cha maabara.

Pima konekta mpya, andika. Ichomeke na kuichomoa mara 50, pima tena. Ichovye kwenye maji ya chumvi, iache ikauke siku tatu, pima. Chukua nyingine yenye utando wa bati, ifunge kwenye jenereta ndogo inayotetemeka kwa siku kadhaa, kisha itazame kwa kioo: mara nyingi utaona vidoa vyeusi pale ulimi ulipokuwa unacheza. Hiyo ni oksidi ya bati. Kila mtikisiko mdogo unakwangua uso, bati jipya linapata oksijeni, unga mweusi unajikusanya katikati ya mguso. Ndiyo maana gari la zamani linakuwa na hitilafu inayokuja na kupotea, na fundi akichomoa konekta na kuichomeka tena tatizo linaisha kwa wiki mbili.

Jaribio la pili ni kukata terminali iliyobanwa. Bana waya kwenye terminali kwa koleo lake, izamishe kwenye gundi ya epoksi ndani ya kizibo cha chupa, iache igande, kisha ikate katikati kwa msumeno mwembamba. Sugua uso kwa msasa wa 400, halafu 800, 1200, mpaka 2000, kwa maji. Tazama kwa kioo. Mbano mzuri unaonyesha nyuzi za shaba zilizokuwa duara zimepondana hadi zikawa na pembe, zimeshikana bila nafasi, mfano wa sega la asali. Mbano hafifu unaonyesha nyuzi bado duara na matundu meusi katikati yake. Humo hewa na unyevu vitaingia. Mbano uliozidi unaonyesha nyuzi zimekatika na terminali imepata ufa chini. Rudia kwa koleo la kawaida la fundi, uone tofauti. Kisha jaribu waya uliopakwa risasi ya kulehemu kabla ya kubanwa, jambo ambalo wengi hudhani linaimarisha. Risasi ni laini. Ikikaa chini ya mgandamizo inatambaa polepole na mbano unalegea.

Piga picha zote. Zitakuwa kurasa za kwanza za kazi zako za kuonyesha.

Hatua ya tano: malighafi na utando

Brasi ni rahisi na inapitisha umeme vizuri, ila hulegea mapema kwenye joto. Bronzi ya fosforasi ni springi nzuri ya bei ya kati. Shaba ya berili ni springi bora zaidi na ghali zaidi, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu, kwa hiyo usiisugue nyumbani.

Juu ya metali hiyo kuna utando. Bati ni nafuu, lakini linahitaji nguvu kubwa ya kubana; wasanifu wengi hawashuki chini ya takriban nyutoni 1. Dhahabu haishiki kutu na inatosheka na nguvu ndogo, hivyo hutumika kwenye mawimbi dhaifu ya data. Unene unaokutana nao mara nyingi ni maikroni 0.76 za dhahabu juu ya maikroni 1.27 za nikeli. Nikeli ipo ili shaba isipenye na kufika juu. Fedha ni ya mikondo mikubwa. Pini ya dhahabu usiichomeke kwenye tundu la bati ukidhani umeboresha: bati linahamia kwenye dhahabu, linaganda hapo na kuoza.

Plastiki nayo ina tabia zake. Nailoni ni imara na hunyumbuka, lakini hunywa unyevu na kuvimba kidogo, na Mombasa au Zanzibar hilo si jambo dogo. PBT hainywi maji kiasi hicho. LCP hutumika kwenye konekta ndogo za bodi zinazopita kwenye oveni ya kulehemu ya nyuzi joto 260 hivi.

Viwango vya kujua mwanzoni: IEC 60512 kwa njia za kupima konekta, IEC 60664 kwa umbali kati ya pini ili umeme usiruke, UL 94 kwa plastiki na moto, IEC 60529 kwa vumbi na maji, ambako IP67 ina maana kifaa hakipitishi vumbi na kimestahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kwa viungo vya sola kuna IEC 62852. Kwenye sola kuna tabia ya kuchanganya plagi ya kampuni moja na soketi ya kampuni nyingine kwa sababu "zinaingiliana". Kuingiliana kwa umbo hakukuhakikishii nguvu ya kubana wala metali zinazopatana, na paa nyingi zimeungua duniani kwa kosa hilo.

Hatua ya sita: sanifu moja, kutoka karatasi hadi mkononi

Usiombe kazi kabla hujasanifu konekta moja yako. Napendekeza ile ya betri ya pikipiki ya umeme inayobadilishwa kituoni, kwa sababu tatizo liko mbele yetu Nairobi na Kigali.

Anza kwa kuandika mahitaji, si kwa kuchora. Dereva wa bodaboda akibadilisha betri mara 3 kwa siku, kwa mwaka ni mara 1,095. Konekta nyingi za ndani ya gari hukusudiwa kuchomekwa kama mara 10 tu katika maisha yake yote. USB-C imewekewa mara 10,000. Kwa hiyo ukichukua konekta ya gari ukaiweka kwenye betri hiyo, umeshakosea kabla wiki haijaisha. Endelea: volti ngapi, ampea ngapi mlima wa Limuru ukiwa na abiria wawili, matope, mvua ya masika, mtu anayeisukuma kwa haraka akiwa amepinda betri, mtu anayeidondosha.

Kisha kuna cheche. Mkondo mnyoofu, yaani DC ya betri, ukikatwa wakati unapita, cheche yake haizimiki kirahisi na inatafuna pini. Suluhisho linalotumika sana ni pini ndogo fupi ya ishara. Betri ikichomolewa, pini fupi inaachana kwanza, kompyuta ya betri inapata habari na kukata mkondo, halafu ndipo pini kubwa zinaachana zikiwa hazina umeme. Angalia plagi ya USB ya zamani ile bapa: pini mbili za pembeni, za umeme, ni ndefu kuliko mbili za katikati za data. Wazo ni lile lile la mpangilio wa nani anaingia kwanza.

Chora kwa FreeCAD ambayo ni ya bure, au programu ambayo chuo chako kina leseni yake. Fanya hesabu ya toleransi: jumlisha makosa yote yanayoruhusiwa ya kila kipimo, uone kama katika hali mbaya kuliko zote ulimi bado unabana. Hii ndiyo kazi wanafunzi wengi huiruka na ndiyo waajiri huitafuta kwanza. Chapisha nyumba ya plastiki kwa printa ya 3D. Ulimi ukate kwa mkono kutoka karatasi nyembamba ya bronzi, pima nguvu yake kwa mizani ndogo ya jikoni: gramu 100 ni karibu nyutoni 1. Linganisha na hesabu yako. Zikipishana, tafuta sababu na uiandike. Ukurasa unaoeleza kwa nini kipimo hakikulingana na hesabu una thamani kuliko picha kumi za kompyuta zenye rangi.

Hatua ya saba: mlango wa kuingilia

Kazi ya usanifu moja kwa moja ni ngumu kupata ukiwa nje ya miji ile niliyoitaja. Milango mingine ipo. Morocco na Tunisia zina viwanda vikubwa vya kufunga nyaya za magari, na mhandisi wa ubora wa terminali huko anajifunza kwa mwaka mmoja kile ambacho wengine huchukua miaka mitatu. Kampuni za sola na za pikipiki za umeme Afrika Mashariki zinahitaji mtu wa kuchagua na kupima konekta, hata kama hawajui kuliita cheo hilo. Maabara za TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, hupima plagi na soketi, na mafunzo kwa vitendo huko ni dhahabu. Ujerumani, vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, na DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, hutoa ufadhili. Tafuta shahada ya uzamili karibu na Detmold au Espelkamp na uanze Kijerumani mapema, kwa sababu kiwandani watu wa dai huongea Kijerumani.

Miaka miwili ya kwanza utabadilisha vipimo kwenye michoro ya wengine, utaandika ripoti za vipimo, utachambua bidhaa zilizorudishwa na wateja. Ukipewa nafasi ya kukaa wiki moja kwenye mashine ya presi, kubali. Utasikia mlio wa dai unavyobadilika ikianza kuwa butu, utaona ukanda wa shaba unaingia upande mmoja na pini zinatoka upande wa pili kwa mamia kila dakika, na utaelewa kwa nini kona uliyoichora kali kiasi kile haiwezekani.

Siku ya usaili beba sanduku lako dogo: konekta tatu zilizokufa, zile sega la asali ndani ya epoksi, na daftari. Jiandae kwa swali wanalolipenda, wakikukabidhi konekta iliyoungua na kukuuliza imekufa kwa nini. Usikimbilie jibu. Omba kioo. Tazama kwanza rangi ya plastiki imeanzia wapi, kwenye mguso au kwenye mbano wa waya. Tazama kama ulimi umebaki na umbo lake. Tazama alama ya mkwaruzo kwenye pini: ikiwa fupi, haikuingia mpaka mwisho. Uliza mkondo ulikuwa kiasi gani, imechomekwa mara ngapi, na upande wa pili ulitengenezwa na nani. Kisha sema unachoshuku, na useme ungepima nini ili kuthibitisha.